Injini ya pikapu imechoka: uifungue nyumbani, umpe fundi, au ununue ya mtumba?

Hilux yangu ya mwaka 1994 ilianza kwa kunywa oili. Mwanzoni niliongeza kikombe kimoja kila wiki mbili, baadaye ikawa lita nzima kila nikishuka kutoka Mgeta na mzigo wa mboga. Ukafuata moshi wa bluu, halafu nguvu ikapungua mpaka nikawa napanda mlima kwa gia ya pili pale nilipozoea ya tatu. Injini yenyewe ni 3L, dizeli ya silinda nne yenye cc 2,779, ambayo kila mwenye Hilux au Hiace ya miaka ile anaifahamu. Niliowauliza walinijibu kila mtu lake, na kila mmoja kwa uhakika: fungua mwenyewe, peleka gereji, tupa hiyo uweke ya Japani.

Njia zote tatu nimezipitia. Miaka ya nyuma niliwahi kulipia gereji, gari la kaka yangu tuliliwekea injini ya mtumba, na hii ya sasa nimeifungua mwenyewe chini ya banda la nyumbani Morogoro. Naandika kwa ajili ya mwenye gari aliyesimama njia panda kama nilivyosimama mimi.

Pima kwanza

Watu wengi wanafungua injini isiyohitaji kufunguliwa, na inaniuma kila nikiona. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu, ukishawasha gari lililolala, halafu ukakata, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka. Hiyo ni kazi ya hedi (kichwa cha injini) peke yake. Moshi wa bluu unaoendelea ukiwa na mzigo mlimani ndio unaoelekea kwenye ringi za pistoni na silinda. Moshi mweusi na kukosa nguvu vinaweza kuwa nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), pampu ya dizeli, au chujio la hewa lililojaa vumbi. Moshi mweupe usioisha, huku rejeta inapungua maji, tazama gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka.

Tafuta fundi mwenye geji ya dizeli ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ile ya petroli haifai, itapasuka. Kwa injini za familia ya L (2L, 3L, 5L na ndugu zake), kitabu cha Toyota kinaweka kikomo cha chini kwenye kilo 20 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Yangu ilisoma 24, 23, 17 na 22. Ile silinda ya tatu ndiyo iliyonifanya nifungue. Kama zako zote ziko 27 au 28 na hazipishani, funga boneti, peleka nozeli kwa fundi pampu, uendelee na safari zako.

Mambo ya kulinganisha

Nimeziweka njia zote kwenye mizani moja: fedha na jinsi inavyotoka mfukoni, muda gari litakaa chini, vifaa na ujuzi, utakachokijua kuhusu ndani ya injini kazi ikiisha, hatari, na karatasi za gari. Hilo la nne watu hulisahau, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Injini usiyojua ndani yake kukoje utaiendesha kwa wasiwasi kila ukisikia mlio mgeni.

Njia ya kwanza: kuifungua na kuijenga nyumbani

*Fedha.* Inatoka kidogo kidogo. Mwezi huu unanunua gasketi kiti (seti nzima ya gasketi), mwezi ujao ringi na beringi. Unaokoa ufundi, lakini usijidanganye kwamba kila kitu kitafanyika uani. Kubora silinda (kuzipanua kwa mashine), kukereza krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kusaga hedi na kukalisha valvu ni kazi za mashine, na utazilipia kama mwingine yeyote. "Nyumbani" maana yake ni kufungua, kusafisha, kupima, kufunga na kupaka rangi.

*Muda.* Mimi ilinichukua miezi mitatu ya Jumamosi na Jumapili. Mwezi mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa kusubiri mashine na spea.

*Vifaa na ujuzi.* Cheni bloku (mnyororo wa kunyanyulia) ya tani moja na kitu cha kuaminika cha kuining'iniza. Tafadhali, tawi la mwembe si kitu cha kuaminika. Tumia boriti ya chuma au A-fremu ya mabomba. Soketi kamili, tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), fila geji (vibati vya kupimia mianya), na kitabu cha injini yenyewe, si cha injini inayofanana nayo. Maikromita unaweza kuazima, au upimiwe kwenye karakana ya mashine.

Ujuzi unaotakiwa zaidi ni mpangilio. Nilichukua maboksi ya karatasi, nikachora umbo la kila kifuniko, nikatoboa matundu na kuchomeka kila bolti mahali pake. Bolti za kava la taimingi zinapishana urefu, na ukiweka ndefu palipo pafupi unatoboa au unapasua bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Vifuniko vya konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) vinaoana kila kimoja na konrodi yake, havibadilishwi wala kugeuzwa, kwa hiyo vipe alama kabla ya kulegeza nati ya kwanza. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa mipira ya vakyumu na waya.

*Utakachokijua.* Kila kitu. Nilipotoa hedi nilipitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda ya tatu, kule juu ambako ringi haifiki, ukakwama kwenye ukingo. Hakuna maelezo ya fundi yanayoweza kukuonyesha uchakavu kama ukucha wako mwenyewe ulivyokwama pale. Beringi za konrodi zilikuwa zimeshatoka ngozi ya kijivu, shaba inaonekana. Nikajua kwamba ningeendelea miezi michache tu, krenki ingeharibika.

*Hatari.* Ziko tatu kubwa, na zote ninaziheshimu.

Ya kwanza ni mpangilio wa kazi kati yako na karakana. Karakana moja ilinibora bloku kabla sijanunua pistoni, wakisema wanajua saizi. Pistoni za milimita 0.50 nilizopata baadaye zilipopimwa, nafasi kati yake na ukuta ilikuwa kubwa kuliko kitabu kinavyoruhusu, na ikabidi bloku iongezwe tena mpaka saizi ya juu. Nunua pistoni kwanza, zipeleke pamoja na bloku, silinda iborwe kufuata pistoni ileile itakayoingia.

Ya pili ni uchafu. Bloku ikitoka kwenye mashine ina unga wa chuma ndani ya njia za oili. Toa plagi za njia hizo, osha kwa maji moto na sabuni ya unga, pitisha brashi ndefu, puliza kwa upepo, kisha paka oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Mimi nilitumia kitambaa cheupe kupangusa kuta za silinda. Nilirudia kuosha mara nne ndipo kitambaa kikatoka cheupe. Unga huo ukibaki unakula beringi mpya ndani ya siku chache, na mtu atasingizia kwamba spea zilikuwa feki.

Ya tatu ni vipimo vidogo vya kufunga. Sukuma kila ringi ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, halafu pima mwanya wake kwa fila. Midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja. Nafasi ya beringi pima kwa plastigeji, ule uzi mwembamba wa plastiki unaolazwa juu ya krenki na kubapa ukikaza kifuniko. Gasketi ya hedi ya injini hizi huja kwa unene tofauti, na inayokufaa inategemea pistoni zako zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Ukiweka yoyote uliyoikuta dukani, ama kompresheni inashuka ama valvu zinakaribiana mno na pistoni. Na taimingi belti, weka mpya pamoja na beringi yake ya kukazia. Ikikatika, valvu na pistoni hukutana.

*Karatasi.* Hakuna cha kufanya. Bloku ni ileile, namba ya injini ni ileile. Angalia tu usiifute namba hiyo kwa msasa au kuizika chini ya rangi.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la pili, au mwenye gari lisilobeba chakula cha kila siku cha familia. Mwenye subira, sehemu kavu yenye kufuli, na rafiki mmoja fundi wa kumpigia simu. Pia kijana anayetaka kujifunza, ilimradi kuna mtu mzima wa kazi anayepita kukagua kabla ya kufunga.

Njia ya pili: kumpa fundi gereji

*Fedha.* Ufundi unaongezeka juu ya spea, na inatakiwa nyingi kwa mkupuo. Ila kuna makosa hutayalipia wewe, kama mlikubaliana hivyo mapema.

*Muda.* Fundi mzuri mwenye spea mkononi anamaliza kwa wiki moja hadi tatu. Neno zito hapo ni "spea mkononi". Gari linalokaa miezi gereji kwa kawaida linasubiri mwenye gari alete kitu.

*Vifaa na ujuzi.* Vya kwake. Kazi yako ni kumchagua. Mimi siku hizi ninauliza maswali mawili tu: bloku unapeleka mashine ipi, na tokirenchi yako iko wapi? Anayesema mkono wake umeshazoea kukaza hedi simpi kazi, hata kama amefanya kazi miaka ishirini. Hedi ya dizeli inakazwa kwa hatua, kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda pembeni, na kwa kipimo.

*Utakachokijua.* Unachokiona mwenyewe. Mwombe kwa heshima akuite mara tatu: hedi ikitoka, bloku ikirudi kutoka mashine, na kabla hajafunga sampo (beseni la oili chini ya injini). Fundi mwaminifu hachukii kuitwa kuonyesha kazi yake. Omba pia spea za zamani zote urudishiwe kwenye mfuko, ringi na beringi zikiwemo. Ni njia rahisi ya kujua kwamba zilibadilishwa.

*Hatari.* Kubwa ni ovahoo ya nusu, yaani ringi mpya kwenye silinda iliyochakaa. Ringi mpya ndani ya silinda iliyokula upande zitatulia miezi michache, kisha oili inaanza tena kupungua. Andikeni makubaliano, hata kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: kinachobadilishwa, kinachosagwa, na nani anabeba gharama ikirudi ndani ya kilomita kadhaa mlizokubaliana.

*Karatasi.* Sawa na njia ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la biashara ambalo bado lina bloku nzuri, na mwenye fundi anayemjua kwa kazi alizoziona barabarani.

Njia ya tatu: injini ya mtumba

*Fedha.* Mkupuo mmoja, na bei inapanda kama inakuja na pampu, alterneta, stata na waya zake. Ulizia bei mbili, tupu na kamili, maana tofauti yake huwa inashangaza. Gerezani, Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga kule Nairobi utazikuta zimepangwa kwa safu.

*Muda.* Haraka kuliko zote. La kaka yangu liliingia gereji Ijumaa, Jumatatu jioni likawa barabarani.

*Vifaa na ujuzi.* Kunyanyua na kuunga. Angalia inatoka kwenye gari gani. 3L iliyotoka kwenye Hiace ni injini ya familia moja na ya Hilux, lakini sampo na maunti (vishikizo vya injini) vinaweza kupishana, na itabidi uhamishe vya kwako. Kwa hiyo usiiuze injini yako ya zamani kabla mpya haijakaa na kuwaka.

*Utakachokijua.* Kidogo, na hapa ndipo roho yangu inaposita. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake: tope zito jeusi linasema haikubadilishwa oili, povu la rangi ya maziwa linasema maji yameingia. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili. Iwe inakaba na kuachia kwa mpigo unaolingana. Toa hita plagi, pima kompresheni kwa stata na betri ya muuzaji. Akikataa kupima, nenda duka la pili.

*Hatari.* Unaweza kununua uchovu uleule uliokuwa nao, umepakwa rangi ya fedha. Waranti za wauzaji wengi ni za siku chache, za kuwashia na kusikiliza tu. Badilisha taimingi belti, sili za krenki na pampu ya maji ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia garini. Ni kazi ya saa chache sasa, na ya siku nzima baadaye.

*Karatasi.* Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ikibadilika ni lazima ukairekebishe TRA (Mamlaka ya Mapato). Kenya jambo hilo ni la NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Dai risiti na nakala ya nyaraka za kuingizia injini nchini, uhakikishe namba ya kwenye karatasi ni ileile iliyogongwa kwenye bloku. Ukihama kutoka 3L kwenda 5L, cc nayo inabadilika, na bima yako ijulishwe.

*Inamfaa nani.* Mwenye bloku iliyopasuka au krenki iliyokatika. Na mwenye gari ambalo kila siku likilala, watoto wanalala na kipato pungufu.

Rangi

Wengine wanaona rangi ni urembo. Mimi naiona ni taa ya gereji. Bloku ikiwa safi na yenye rangi ya kung'aa, tone la kwanza la oili linaonekana siku ileile, wakati kwenye bloku nyeusi yenye tabaka la vumbi na grisi utagundua uvujaji oili ikishapungua. Ndiyo maana ningechagua kijivu au bluu ya mwanga, si nyeusi.

Rangi ya mafuta ya nyumba kwa brashi ndiyo rahisi. Inapatikana kila duka la vifaa na inafaa mabano na vitu visivyopata joto kali, lakini kwenye bloku inageuka njano na kubanduka. Kopo la kupuliza la rangi ya injini, nyingi zimeandikwa kwamba zinavumilia nyuzi 260 za Selsiasi, linatosha kabisa kwa bloku, kava la valvu na sampo, na mtu asiyewahi kupaka anaweza kulitumia. Bunduki ya rangi na kompresa inatoa uso mzuri zaidi na ni nafuu kwa eneo kubwa, ila inataka mkono uliozoea, na vumbi la uani ni adui yake. Manifoldi ya moshi iache pembeni. Inataka rangi yake ya kuvumilia joto la nyuzi mia kadhaa zaidi, la sivyo itaungua na kunuka mpaka ndani ya kebini.

Kwa zote, kazi ni maandalizi. Kwangua grisi, osha kwa dizeli, kisha osha tena kwa sabuni na maji moto, maana dizeli yenyewe inaacha mafuta. Waya brashi, msasa, kitambaa chenye thina, praima nyepesi, halafu rangi tabaka mbili au tatu nyembamba. Usisafishe kwa kupuliza mchanga bloku ambayo iko tayari kufungwa. Punje moja ndani ya njia ya oili inatosha kukurudisha mwanzo. Ziba kwa karatasi na tepu matundu yote, nyuso za gasketi, matundu ya bolti na sensa ya oili. Rangi kwenye uso wa gasketi itavuja. Ukinunua mtumba, osha kwanza uone chuma ndipo uamue kupaka. Na ukimpa fundi, sema mapema kwamba unataka rangi kabla ya kurudisha injini garini, kwa sababu baada ya hapo hakuna mkono unaofika.

Ukiwa na hali hii, anzia hapa

Kompresheni nzuri na moshi wa asubuhi tu: sili za valvu, basi.

Kompresheni imeshuka, bloku haijapasuka, na gari linaweza kukaa miezi mitatu: nyumbani, na mashine kwa kazi za mashine. Ukikosa rafiki wa kukukagulia, ifungue mwenyewe mpaka hatua ya kupima, kisha mlipe fundi siku mbili aje afunge pamoja nawe. Njia hiyo ya katikati nimeona imewafaa wengi.

Kompresheni imeshuka na gari ndilo linalolisha nyumba: linganisha bei ya fundi na bei ya mtumba uliopimwa kompresheni mbele yako. Zikikaribiana, nisingeacha bloku yangu. Mtumba ukiwa nafuu sana, chukua, lakini injini ya zamani ipeleke banda la nyumbani. Kaka yangu alifanya hivyo, na sasa ile injini yake ya zamani, 2L, tunaifungua taratibu kwa wikendi.

Hedi imepasuka kati ya valvu, jambo ambalo injini hizi za L zinalijua zikichemka: usinunue injini nzima kabla ya kuulizia bei ya hedi mpya tupu.

Krenki imeshakerezwa mpaka saizi ya mwisho na silinda haziongezeki tena: uliza karakana bei ya kuweka slivu (kuta mpya za silinda) na krenki nyingine, kisha uilinganishe na mtumba.

Kwa yeyote atakayewasha injini iliyojengwa upya, iwe kwa mkono wake au wa fundi: chomoa waya wa soleneidi ya pampu ya dizeli (swichi inayoruhusu dizeli kupita) ili isiwake, piga stata vipande vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe waya na kuiwasha. Usiiache ikiunguruma gari limesimama nusu saa kwa furaha. Itoe barabarani, ipe mzigo mwepesi, panda na kushusha mwendo. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili, karibu lita 6 hizo, kwenye dumu, upeleke gereji wanapokusanya. Kata chujio kwa msumeno uangalie mikunjo yake juani. Yangu ilikuwa na vumbi la kijivu kidogo, la ringi zinazokaa mahali pake, na hakuna hata chembe moja ya shaba.